Siku Kumi na Tisa za Taa Nyekundu

Siku kumi na tisa nilimgeuza mume wangu atazame ukuta. Kila asubuhi nilimuuliza kama yuko sawa, na kila asubuhi alinijibu haya.

Ukuta ulikuwa wa rangi ya maziwa, una doa la mraba mahali mpangaji wa kabla yetu alipotundika kalenda. Nyuma ya kiti chake, juu ya stuli, taa nyekundu iliwaka tangu binti yetu Muna anapotoka kwenda kazini hadi anaporudi, na chini ya taa ulikuwa mrehani katika mkebe wa rangi. Mimi nilipita kati yao na bakuli la uji, mkono mwekundu hadi kwenye kiwiko, nikimpa habari za nyuma yake. "Umepanda, Baba Muna. Umepita komeo la dirisha." Nilisema kwa furaha. Katika yote yaliyopita pale chumbani, hiyo furaha ndiyo inayonirudia.

Salehe alikuwa mtu wa taa. Nasema hivi leo kwa urahisi, lakini wakati ule halikunijia hata kidogo. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika shamba la maua nje ya Thika, kazi yake ikiwa kuwasha na kuzima taa ndani ya zile nyumba za plastiki. Tukiwa bado Kiganjo, kule Thika, aliwahi kunieleza kwamba kuna ua ambalo likiona siku imekuwa fupi huharakisha kuchanua kabla shina halijarefuka, na ua la shina fupi halina mnunuzi. Basi huwashiwa taa ili lifikiri jua bado lipo. "Tunalidanganya," akasema, akacheka, akaniomba chumvi. Nikampa chumvi. Sikumuuliza ni taa gani, ya rangi gani, inatundikwa umbali gani. Nilikuwa mke wa mtu wa taa, na yote niliyoyajua ni kwamba viatu vyake vilirudi na matope.

Mrehani ulikuwa wake pia, tangu kwa mama yake. Siyo mche wenyewe, maana haudumu. Ni mbegu, alizozifunga katika kitambaa mwaka hadi mwaka. Ijumaa alikata kitawi akakichomeka kwenye kofia kabla ya kwenda msikitini, na jirani yetu upande wa pili wa mabati alikuwa akisema hana haja ya kalenda, akisikia harufu anajua ni Ijumaa.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, alianguka akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaenda nao, yote isipokuwa moja. Haya. Ukimpa chai, haya. Ukimvua shati analotaka kubaki nalo, haya. Akikasirika, haya, haya, haya, hadi mate yanamtoka. Muna akatuhamishia kwake Gitothua, kule Ruiru, ghorofa ya pili, kwa sababu peke yangu nisingeweza kumnyanyua. Nilizisikiliza haya zake mchana kutwa. Ya njaa, ya choo, ya kunishukuru. Baada ya mwaka nilijiona nimezijua zote, na Muna akiwa hana hakika aliniuliza mimi, nami nikamtafsiria bila kusita.

Msichana wa mazoezi, Nekesa, alikuwa akija mara moja kwa mwezi. Alimletea mpira wa kubana, akamletea vibanio vya nguo, akamwekea kijiko mkononi. Ule mkono wa kulia ulikaa tu mapajani kama kitu mtu alichosahau pale. Ndipo asubuhi moja, Nekesa akiwa anaandika kwenye daftari lake, tukaona vidole vinatambaa. Viliondoka pajani, vikapanda ukingo wa dirisha polepole, vikaufikia mrehani, vikashika kichwa cha ua ambalo halijafunguka, vikakinyofoa. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Mrehani usiponyofolewa maua unakuwa mgumu na kuacha majani. Mkono ulikuwa umekumbuka kazi.

Nekesa aliweka kalamu chini. "Nyanya," akaniambia, "huu mmea usitoke hapa. Mkono huu ukikosa kazi utajikunja, na ukishajikunja mimi sitaweza kuukunjua."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi mkono ulipanda dirishani, na kila asubuhi mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni nikiwa nimeshika sufuria, siendi mbele wala nyuma, hadi ufike.

Mwezi wa tano wakaanza kujenga kwenye ploti ya mbele. Mwezi wa saba ukuta wao ukalipita dirisha letu, karibu hata ningeweza kuugusa kwa mwiko. Na mwezi wa saba wa Ruiru unajulikana, hata kwenye uwanda jua ni la kuazima. Mrehani ukaanza kupauka. Salehe alinyoosha mkono siku moja, jani likamwangukia kiganjani lenyewe, kabla hajalishika. Akalitazama. Akanitazama mimi. Haya, akasema, chini kabisa.

Nilimpelekea Bedan shida hiyo. Bedan ndiye keateka, mwangalizi wa jengo letu, mtu mzima mwenye wajukuu, fundi wa bomba na wa stima na wa kusuluhisha wapangaji. Alikuja akaangalia dirisha, akaangalia ukuta wa watu, akatikisa kichwa. Kisha akaniambia nisife moyo, siku hizi kuna taa zinazofanya kazi ya jua. Ndugu yake anakuza mboga ndani ya nyumba, giza tupu, na zinakua.

"Ununue taa ya *red*, cucu," akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu chake. "Si ile ya kawaida. Ukienda dukani sema *red*."

Sasa nieleze jambo moja. Mimi nimezaliwa Thika. Nimekua na Wakikuyu, nimelishana nao na kuzikana nao. Tangu utotoni nimezoea kusikia mchele ukiitwa mchere, na jirani akisema amechoka anataka kurara kidogo, sikio langu humrudishia l yake hata bila mimi kujua. Lakini hilo ni la Kiswahili. Kiingereza nilikipata darasa la pili na la tatu, kabla baba hajasema inatosha, na chote nilichobaki nacho ni salamu, siku za wiki, na rangi. Rangi tuliziimba tumesimama, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo. *Red* ilikuwa ya kwanza. Bedan aliposema lile neno, moyo wangu ulijaa kiburi kidogo, maana nililijua. Sikuwa na haja ya kumuuliza Muna.

Dukani mjini Ruiru nilimkuta binti anaitwa Maggie, anauza nyaya na globu upande mmoja, na chakula cha kuku upande wa pili. Nilimwambia nataka taa nyekundu ya kukuzia kadogo kangu.

"Ziko ngapi, cucu?"

"Ni kamoja tu."

"Kamoja?" Aliegemea kaunta. "Sasa hako mtakala lini?"

"Hatukali. Ni ka mzee. Anakashikashika tu asubuhi."

Maggie alicheka hadi akafuta macho, akasema mzee huyo apewe salamu zake. Akanichagulia globu moja ndogo nyekundu na kishikio chake, akanisisitizia niiweke karibu ili kasipate baridi. Nami nikaona ni binti mwenye roho nzuri. Nilirudi nyumbani nimeikumbatia ile globu kifuani, nikivuka barabara kama mtu aliyebeba mayai.

Niliushusha mrehani kwenye stuli kando ya dirisha, nikaifunga taa juu yake. Nilipoiwasha mara ya kwanza, Salehe alisema haya, haya, haya, kwa haraka, akipiga kiti kwa mkono wa kushoto. "Ndiyo," nikamwambia, "imewaka." Nilimpiga busu kipajini. Wallahi nilidhani anafurahi.

Siku iliyofuata alifumba macho. Kila nilipowasha, alifumba. Muna naye alisema siku yake ya mapumziko kwamba ile taa inamuumiza kichwa, chumba kimekuwa kama bucha. Nikafikiri, mzee macho yamechoka, mwanga unamchoma. Mrehani usingeweza kuhama, waya ulikuwa mfupi. Kiti kingeweza. Kwa hiyo nilikishika nyuma, nikakizungusha polepole miguu yake isigonge stuli, nikamwelekeza ukutani, nikamfunika magoti. Haya, alisema. Nikaichukua kuwa ya kunishukuru, nikamjibu, nawe pia.

Mrehani ulikuwa unapanda kweli. Kila siku kidole kimoja, mara vidole viwili. Chini ya taa nyekundu jani la kijani huonekana jeusi, na jioni nikizima, dirisha nalo lilikuwa giza la ukuta wa watu, kwa hiyo rangi yake halisi sikuiona hata mara moja. Niliona urefu tu. Urefu niliushukuru kwa Mungu. Nilifikiri ukishafika ukubwa wake nitamgeuza, avune, mkono uendelee. Siku zenyewe niliweka alama nyuma ya mlango kwa mkaa, mstari mmoja kila unapozidi, kama tulivyokuwa tukimpima Muna akiwa mdogo.

Siku ya kumi na tisa ulianguka. Ulijikunja katikati na kichwa kikalala juu ya stuli. Siku hiyohiyo Nekesa alikuja. Hakuutazama mrehani kwanza. Aliushika mkono wa Salehe, akajaribu kuvifungua vile vidole, na Salehe akatoa sauti ambayo haikuwa haya wala kitu kingine. Nekesa akaniuliza taratibu ni tangu lini mzee anaketi hivi. Nikamwambia. Akausugua mkono kwa mafuta muda mrefu kuliko kawaida yake, na alipotoka alinishika bega. Angenigombeza ningeona nafuu.

Bedan alipanda alasiri kuangalia bomba la jikoni. Alipita chumbani, akasimama.

"Cucu, hii ni nini?"

"Taa uliyoniambia. Ya *red*."

"Hii ni *red*," akasema Bedan. "Mimi nilisema *red*."

Tulitazamana. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, kwanza akiionyesha ile globu, kisha akijigonga kifuani, nami nikasikia neno lilelile mara mbili. Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo. Akakuna kichwa. Mwishowe akaokota kipande changu cha mkaa nyuma ya mlango, akaandika pembeni ya mistari ya urefu, herufi moja moja. Nilisogea karibu nikazisoma kama nilivyofundishwa, kwa mdomo. El. I. Di. Ni aina ya taa, akaniambia. Wengine huitaja kwa herufi, yeye huisoma kama neno. Huwa nyeupe, huwa zambarau, zipo nyingi. Rangi si hoja.

Nikauliza, kama si hiyo, mbona umekua?

Bedan aliuinua ule mmea kwa kidole, akausogeza hadi mlangoni penye mwanga wa ngazi. Shina lilikuwa jeupe, jembamba kama uzi wa kushonea, na majani machache yaliyokuwa juu yalikuwa na rangi ya chai iliyojaa maziwa. "Haukuwa unakua, cucu," akasema. "Ulikuwa unatafuta."

Nyuma yetu Salehe alisema haya. Alikuwa bado ametazama ukuta.

Tulirudi kwa Maggie, mimi na Bedan, siku hiyohiyo kabla hajafunga. Nilipomweleza aliweka kiganja mdomoni. "Mimi nilidhani ni kakuku, kifaranga cha kuwekewa joto," akasema, na safari hii hakucheka. Akazitoa zote alizonazo, akazipanga juu ya magunia. Kulikuwa na ya zambarau yenye shingo mbili za kukunjika kama za bata. Kulikuwa na bapa nyeupe, ya kutundika kwa waya. Kulikuwa na globu yenye mwanga kama wa asubuhi, ambayo ungeiona ungesema ni taa ya sebuleni. Kila boksi lilikuwa na maandishi madogo na picha ya jani, na maandishi yote yalikuwa Kiingereza. Bedan alishikilia ile ya zambarau kwa sababu ndugu yake anayo. Maggie alisema hapana, chukua nyeupe, watu wa nyumba nao waone wanachokula. Walibishana juu ya nguvu, juu ya umbali, juu ya saa ngapi kwa siku, wakinigeukia kila mara kana kwamba mimi ndiye nitakayeamua. Nami nilisimama pale, mwanamke wa rangi za darasa la pili, nikaona macho yananijaa.

"Nyumbani kuna mtu anayejua," nikasema.

Maggie akanipa zote tatu niende nazo, nirudishe mbili.

Nilimgeuza Salehe. Kiti kilikuwa kizito kuliko siku ile ya kwanza, au mikono yangu ilikuwa imechoka. Mrehani ukawa mbele yake. Aliutazama kuanzia mkebeni hadi pale ulipolala, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyemwacha mzima. Siku kumi na tisa nilikuwa nikimwambia umepanda. Sasa aliona nilichokuwa nikimhadithia.

Nikapiga magoti. Nikamwambia nilisikia vibaya, Baba Muna. Nikamwambia wewe ndiye fundi, nionyeshe. Nikachomeka ile ya zambarau, nikamtazama. "Haya," akasema. Nikachomeka nyeupe. "Haya." Nikachomeka ile ya mwanga wa asubuhi, nikaisogeza karibu na uso wake, kisha mbali. "Haya." Sauti ilikuwa moja, uzito mmoja, na mimi niliyejigamba nazijua haya zake nilisikiliza kila moja nisione mahali pa kushika. Nikauweka mkono wake wa kulia juu ya magoti yangu, nikazipanga taa mbele ya vidole. Mkono haukwenda popote. Ulikuwa umejikunja, kidole gumba ndani.

Muna aliporudi alitukuta hivyo, taa tatu zinawaka na mama yake yuko sakafuni. Alivua viatu akaketi nasi.

Mwishowe nilichukua ile nyeupe, kwa sababu macho yake yalitua juu yake yakakaa. Mpaka leo sijui kama alichagua, au ni pale tu macho yalipochokea.

Halafu akaanza. Haya, haya, haya, akipiga kiti, akiutazama mrehani, akinitazama mimi, akiutazama tena. Nilidhani anataka maji. Nilidhani anataka uondolewe. Muna ndiye aliyekwenda kuleta mkasi, akaniwekea mkononi, akasema mama, baba huwa anafanyaje ukirefuka? Nikakumbuka. Huwa anaukata, chini kabisa, juu ya macho mawili ya mwisho, pale machipukizi hutokea, na mimi huwa namwambia unauua, naye hucheka. Niliushika mkono wake uliojikunja, nikaupachika juu ya wangu, nikakata. Harufu ilitoka, kidogo sana, lakini ilitoka. Nilisugua jani moja katikati ya vidole vyake nikavisogeza puani, na vidole vikafunga juu ya lile jani. Nilimweleza Nekesa. Akaniambia vidole vya mgonjwa wa namna hiyo hujifunga vyenyewe. Sikubishana naye.

Mkono haukupanda dirishani tena. Kila asubuhi nilimsogeza hadi ukingoni, nikasimama mlangoni mwa jikoni na sufuria yangu, nikangoja. Mrehani ulitoa macho mawili, kisha manne. Mwezi wa kumi ulikuwa na majani ya kutosha kitawi kimoja. Mwezi wa kumi na moja, Jumanne, Salehe aliniangalia nikimnywesha chai, akasema haya, na hakusema tena. Tulimrudisha Thika. Kitawi nilikiweka mimi mwenyewe, kabla hawajamfunika uso.

Mbegu za mwaka huu nimezifunga katika kitambaa chake. Taa ingali dirishani, na jengo la mbele limeshapakwa rangi, watu wamehamia, wananipungia mkono wakianika nguo. Ile mistari ya mkaa nyuma ya mlango Muna anataka kuipaka rangi. Nimemwambia angoje.

Bedan sikumwambia kamwe kwamba ni neno lake, l iliyogeuka r mdomoni mwake. Alifikiri ni Maggie aliyenipa kitu kibaya, na Maggie alifikiri ni mimi nisiyejieleza, na yote mawili ni kweli kiasi. Bedan ni mtu mwema. Akipita ngazini huingiza kichwa mlangoni, huvuta harufu ya mrehani, huniuliza, "Cucu, ile taa ya *red* bado inawaka?"

Nami humjibu haya.